Siku ya Bembea na Mtoto Asiyekula Samaki

Mimi nina mdomo, najua. Hata kiwandani, tulikokuwa tukikata minofu ya sangara, wenzangu walinikwepa asubuhi mpaka ninywe chai. Lakini siku ile pale Kigongo, mke mpya wa baba yake binti yangu aliposhuka kwenye kivuko amemshika mtoto mkono, niliufunga huo mdomo nikawa mpole kama si mimi. Nilikuwa nimeomba mwaka mzima nipewe mtoto wangu japo siku moja ya sikukuu.

"Shikamoo," mtoto aliniamkia, kama anavyomwamkia mama yeyote wa njiani.

"Marahaba, mwanangu."

Baba yake alikuwa ametoa ng'ombe wa mahari, kwa hiyo tulipoachana mtoto akabaki kwao, ng'ambo upande wa Busisi. Ndiyo mila yetu, na hakuna aliyeipinga, hata baba yangu mzazi aliyewapokea hao ng'ombe na kuwala. Mwenye kauli juu ya mtoto alikuwa bibi yake, mama wa mume wangu wa zamani, na bibi yule kila mtoto akitoka kutembea alikuwa na swali moja tu: umekula nini huko? Ukijibu vibaya, hutembei tena nyumba ile.

"Mimi nasogea hapo Usagara kwa dada yangu," mke yule akasema. "Jioni tukutane hapahapa. Ila huyu siku hizi hali nyama, dada. Wala samaki. Asirudi na njaa, unamjua bibi yake."

Nikacheka. Mtoto wa ziwani, asile samaki? Nilimwachisha ziwa kwa mchuzi wa sato, mimi mwenyewe, kwa mikono hii! Nikajua ni deko tu, litaisha tukifika mjini.

Tulipokuwa kwenye basi tunapita Buhongwa nikamuuliza kulikoni. Akatazama nje dirishani. "Walimchinja mbuzi wangu. Walikuja wageni." Basi. Tunashuka Nyamagana, mimi nimeshaacha kucheka.

Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, kila kitu kilikuwa kimeingia mjini: mitumba, redio za kila rangi, soda za kopo. Mfanyabiashara mmoja akaleta na bembea za kuzungushwa kwa jenereta, zenye vifarasi na vindege, akazisimika uwanjani kwa ajili ya sikukuu. Watu walijaa! Binti yangu alipanda kifarasi cha bluu, mimi nikabaki chini nimemshikia viatu. Kila alipopita mbele yangu nilimpungia mkono na kupiga vigelegele. Alikuwa ananitazama kwa adabu, kama mtoto aliyeambiwa amtazame mgeni.

Aliposhuka nikamuuliza kama ana njaa.

"Kidogo."

Mtoto wa kwetu akikwambia kidogo, ujue tumbo limeshika mgongo. Nikamkokota kwenye chipsi. Zilikuwa nzuri, za moto, lakini alizinusa akazirudisha. Nikachungulia karai, nikaona kipande cha sangara kinaogelea pembeni.

"Huna karai lingine?" nikamfokea muuzaji.

"Mama, hapa Mwanza. Ukitaka mafuta yasiyomjua samaki nenda Dodoma."

Watu wakacheka. Siku nyingine ningemjibu mpaka akajuta kuwasha moto. Mishikaki, supu ya makongoro, dagaa wa kukaanga, huo ndio uwanja mzima ulivyonukia. Nikakumbuka duka la Mhindi mmoja, watu wasiogusa nyama kabisa, waliokuwa wakiuza kachori za viazi. Tukatembea hadi huko juani. Komeo limewekwa, nao wamefunga duka kwa sikukuu. Mtoto hakulalamika. Laiti angelalamika, angalau ningejua nimdekeze vipi.

Tulirudi uwanjani, nikampata mama ntilie mmoja mnene, mcheshi, ana sufuria la maharage. Nilimhoji kama polisi.

"Humu umetia nini?"

"Kitunguu, nyanya, chumvi. Dada, vipi, unataka kunifungulia kesi?"

Nikaangalia mwenyewe mpaka chini ya sufuria. Maharage matupu. Alhamdulillahi, nikasema, mimi Mkristo. Nikaagiza ugali na maharage, nikageuka kidogo nimnawishe mtoto. Kugeuka tena, lahaula! Mama yule ameshamwaga mchuzi wa nyama juu ya maharage, na kipande kinono katikati.

"Mtoto wa watu atakula makavu hivi sikukuu yote?" akasema huku anatabasamu. "Hiyo nyama ni zawadi yangu."

Nilifungua mdomo nimtolee yote niliyoyahifadhi tangu asubuhi. Nikauona uso wake, nikashindwa. Hakuna mwanamke wa huku atakayempa mtoto sahani isiyo na mchuzi huku sufuria la nyama liko jikoni kwake. Ataonekana ana roho mbaya. Nikamwomba sahani nyingine. Akachukua upawa uleule, unachuruzika mafuta ya nyama, akauzamisha kwenye maharage. Sufuria lote likawa limeharibika.

Binti yangu akaisukuma sahani polepole, kwa kidole.

"Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, dada," mama ntilie akaniambia, kwa upole tu, si kwa shari.

Sikuwa nimemlea mimi.

Jua likawa limeshaanza kushuka. Njiani nikanunua ndizi mbivu, nikamenya moja, nikampelekea mdomoni kama zamani. Akageuza uso.

"Nini tena?"

"Mkono wako," akasema kwa sauti ndogo.

Tangu jana yake nilikuwa nimeisugua mikono yangu kwa limau, kwa majivu, kwa sabuni ya kuogea. Kumbe sangara hatoki. Nikampa ndizi nyingine ambayo sikuimenya. Aliishika safari nzima mpaka ikalegea, hakuifungua. Mimi nilitazama upande wa pili na machozi yakawa yananitoka tu, wala sikuyafuta, nisije nikainua mikono ile karibu naye.

Pale Kigongo mke wa baba yake alikuwa ameshafika, ana kikapu kichwani. Alikishusha, akamvuta mtoto kwake.

"Haya, umekula nini?"

Nikaanza kueleza, sijui karai, sijui upawa, maneno yanagongana. Mtoto akanikatiza.

"Nimekula ugali na maharage," akasema bila kunitazama. "Nimeshiba."

"Maharage matupu?"

"Ndiyo. Yalikuwa matamu."

Mke yule akaniangalia, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Ahsante, dada. Nitamwambia bibi yake. Sikukuu ijayo akikubali, nitamleta tena."

Nikaitika ahsante mara nyingi kama mjinga. Nilitaka kumkumbatia binti yangu, nikaishia kumgusa bega kwa kiwiko. Wakapanda. Kivuko kikanguruma, kikaachia ufukwe.

Hakikuwa kimefika mbali. Nilimwona mwanangu amekaa penye reli, amepeleka mkono kwenye kikapu, anatoa michembe, yale makopa ya viazi vitamu yaliyokaushwa, anajaza mdomoni. Alikula kwa haraka, mashavu yote mawili yametuna hadi yanaonekana kwa nyuma, mgongo ameugeuzia kwangu nisione. Mke wa baba yake alimtazama. Kisha akainua macho akanitazama mimi niliyesimama kule nyuma kwenye tope, akafungua khanga yake, akamfunika nayo mtoto aendelee kula.