Usukani wa Kushoto

Katika chumba cha kufulia cha hospitali, mwanamke ambaye wenzake walimwita Mama Shuka ndiye aliyesimamia pasi kubwa ya roli, ile inayomeza shuka bichi upande mmoja na kulitema kavu upande wa pili. Zamani alivaa glavu. Kwa muda wa miezi kumi na minne sasa alikuwa akiyapokea mashuka kwa mikono mitupu, na wenzake walipomwambia, "Dada, utaungua," alijibu kwamba hayana moto. Hakuwa akijigamba. Alisema alichokihisi.

Miezi hiyo ilianza alfajiri moja, binti wa pekee wa Mama Shuka na mumewe, mwenye umri wa miaka kumi na tisa, alipobanwa na pumu. Jirani mwenye gari alitoka mbio na funguo mkononi, lakini betri ilikuwa imekufa. Teksi ilifika baada ya dakika arobaini. Mumewe alikuwa fundi wa mizani, mtu wa kuzunguka masokoni na madukani akisawazisha vipimo, na wauza nyama walimbatiza jina la Gramu kwa kuwa hakukubali mizani izidi hata kwa uzito wa unyoya. Hakulia mbele ya watu. Siku ya tatu, viti vya kuazima vya matanga vilipokuwa vikirudishwa, alisema, "Tungekuwa na gari," kisha akavinyanyua viti viwili na kuvipeleka. Tangu hapo akaanza kutafuta gari.

Mama Shuka hakumpinga, wala hakumuunga mkono. Kwake gari hilo lilikuwa mwavuli wa kununuliwa baada ya mvua kukatika, lakini kulisema jambo kama hilo kulihitaji nguvu, naye nguvu alizokuwa nazo zilitosha kumwamsha, kumpeleka kazini na kumrudisha.

Nyumbani walikuwa wamepoteza hata namna ya kuitana. Kwa miaka kumi na tisa yeye alikuwa mama wa fulani na mumewe baba wa fulani, wote wawili wakilishika jina la mtoto kama watu wabebao ndoo moja. Jina lilipowaponyoka, kila mmoja akawa anakohoa kidogo kabla ya kusema. "Chumvi iko wapi?" "Iko hapo." Usiku, kila mtu na ukuta wake.

Dada yake mkubwa, aliyekuwa na duka la vitambaa katika mji mdogo wa njia panda, alimpigia simu mara tatu. "Njoo kwangu," alimwambia. "Mnakaa humo ndani kama sanamu mbili za kuvalishwa nguo. Mimi zangu hapa dukani angalau zinavutia wateja." Mara ya tatu Mama Shuka alikubali. Aliandika barua ya kuomba uhamisho, akaitia mkobani. Kwa mumewe alisema tu kwamba watakaporudi na gari yeye atashuka njia panda, akae kwa dada siku chache. Gramu alisema, "Sawa." Hakuambiwa kwamba siku hizo chache hazikuwa na mwisho.

Gari lenyewe lilikuwa ng'ambo ya mpaka, mikononi mwa mpima ardhi mstaafu ambaye macho yake yalikuwa yamefifia kiasi cha kuzuiwa kuendesha. Gramu aliliona tangazo lake katika simu ya muuza mchele. Kwa miezi miwili wazee hao walikuwa wakiandikiana, muuzaji akiuliza maswali mengi kuliko mnunuzi: litalala wapi, litapita njia gani, nani ataliendesha. Katika nchi ile magari hufuata upande wa kulia wa barabara, na usukani huwa kushoto. Huku kwao ni kinyume. Gramu alilijua hilo tangu mwanzo. Ndiyo maana alimwomba mkewe amsindikize. "Anahitajika mtu wa upande wa pili," alisema, na Mama Shuka hakuuliza ni wa kufanya nini.

Walikwenda kwa basi, wakalala katika nyumba ya wageni, na saa mbili asubuhi wakawa uani kwa mpima ardhi. Gari lilikuwa la kijivu, limeoshwa mpaka matairi. Mzee alikuwa na daftari alimoandika maradhi yote ya gari, akawasomea moja baada ya jingine huku amelisogeza karibu na pua.

"Kioo cha mlango wa nyuma hakishuki. Msikilazimishe. Redio inakohoa asubuhi, ikishapata joto inaimba. Breki nimebadilisha mwezi uliopita, risiti hii hapa. Sasa, bwana, wewe ni fundi mizani, lipime."

"Nimekwisha kulipima," alisema Gramu akichungulia chini ya boneti. "Halijapunjwa."

"Hilo ndilo neno nililotaka kusikia." Mzee aliligonga paa kwa kiganja. "Madalali walikuja hapa watatu, nikawafukuza. Mimi siuzi, shemeji," alimgeukia Mama Shuka, "mimi ninaozesha. Mtu anapotoa binti, lazima amjue mkwe. Nyinyi mna mabinti?"

Gramu aliendelea kukitazama kijiti cha oili, akakifuta kwa kitambaa, akakitumbukiza tena, akakitoa.

"Tulikuwa naye," alijibu Mama Shuka. Sauti yake ilitoka kavu kama shuka litokalo kwenye roli.

Mzee alilifunga daftari. Aliingia ndani na kurudi na gurudumu la akiba ambalo halikutajwa katika tangazo, akalitia nyuma ya gari yeye mwenyewe, na hakukubali kusaidiwa. Walitia saini hati tatu juu ya boneti, wakapeana mikono. Alipoulizwa kama angependa kuliendesha mara ya mwisho mpaka getini, alitikisa kichwa. "Nitaligonga geti," alisema. "Nendeni salama."

Mpakani walifika saa nne. Ofisa wa forodha, kijana mwenye tai iliyolegea, alilizunguka gari mara mbili.

"Mzee, usukani wa kushoto. Unajua ukiwa nyuma ya lori hutaona kitu?"

"Najua."

"Nani atakuangalizia njia?"

Gramu alimwonyesha mkewe kwa kidevu.

"Basi umwogope kuliko polisi," alisema ofisa, akabandika nyuma ya gari karatasi ngumu ya manjano yenye maandishi meusi: USUKANI KUSHOTO. "Mama, huyu sasa roho yake iko mdomoni mwako. Akikuudhi, usilipize kisasi barabarani."

Walivuka. Barabara ilijikunja, magari yakahamia kushoto, na Mama Shuka akajikuta ameketi mahali ambapo kwa kawaida dereva huketi, akiwa karibu na mstari wa katikati, bila usukani wala kanyagio. Mumewe alikuwa kule ukingoni, karibu na majani. Lori la kwanza walilikuta baada ya dakika kumi, likipanda taratibu. Mbele ya macho ya Gramu palikuwa na turubai tu.

"Vipi?" aliuliza.

Mama Shuka alitazama. "Pita."

Akapita. La pili likawa hivyo hivyo, na la tatu. Vipi, pita. Neno lilimtoka kama yale maneno ya nyumbani, kama chumvi na hapo ilipo. Vilima vilipita, pamoja na vibanda vya muda wa maongezi na nguzo za umeme, naye akawa anavitazama bila kuviona. Alikuwa akiiwazia barua iliyo mkobani, na hata hiyo hakuiwazia kitu. Aliiona tu, nyeupe, imekunjwa mara tatu.

"Vipi?"

"Pita," alisema.

Gramu alitoka nyuma ya lori. Mbele yao palikuwa na basi, kubwa, limewasha taa, na honi yake ilikuwa imekwisha kujaza gari lote kabla Mama Shuka hajaelewa kwamba ni honi. Gramu alikanyaga breki, akakata kushoto, akarudi nyuma ya lori kwa nafasi isiyozidi kiganja. Basi lilipita na upepo wake. Hakuna kilichogusana.

Alisogea pembeni, akazima injini. Kwa muda walisikia chuma kikipoa na kugongagonga. Gramu alichukua kitambaa, akashuka, akakifuta kioo cha mbele, ambacho hakikuwa na vumbi. Mikono yake, iliyoweza kutia jiwe la gramu tano kwenye sahani bila kuitikisa, ilikiangusha kitambaa mara mbili. Aliporudi kuketi alisema, "Kona ile inadanganya."

"Sikuangalia," alisema mkewe.

"Najua."

"Nilisema tu."

"Najua." Alikikunja kitambaa vizuri, pembe kwa pembe. "Ukiwa huoni, nyamaza. Ukinyamaza mimi nabaki nyuma. Si lazima tupite."

Mama Shuka aliitazama mikono ile. Alijua kwamba hapo alipaswa kuhisi woga, au haya, au japo kichefuchefu, akasubiri kimojawapo kije. Hakikuja. Alichokiona wazi ni jambo dogo zaidi: kwamba alikuwa karibu kumuua mtu huyu, na kwamba asingefanya hivyo kwa chuki bali kwa kutokuwepo.

Wakaendelea. Alidhani mumewe hatamuuliza tena, kwamba sasa atainama mwenyewe, akijivuta juu ya mapaja ya mkewe ili achungulie. Walipolifikia lori jingine, la mchanga, Gramu alishikilia usukani pale pale alipokuwa, akatazama turubai lililokuwa mbele yake, na akauliza kwa sauti ile ile:

"Vipi?"

Safari hii aliangalia. Alisogea mpaka paji la uso likagusa kioo. "Bado. Kuna lori la mafuta linakuja. Nyuma yake pikipiki, amebeba godoro. Ngoja. Pikipiki anasitasita, godoro linampeleka anakotaka lenyewe. Amepita. Sasa kuna kona, siioni ng'ambo yake. Ngoja."

"Nangoja."

"Njia nyeupe, haina gari. Nyeupe mpaka kwenye mti. Pita sasa."

Akapita. Ikawa ndiyo desturi yao kwa saa mbili zilizofuata: mke akisimulia, mume akiamini. Alimsimulia ng'ombe waliokuwa wakivuka, gari la harusi lisilo na bibi harusi, mlevi aliyekuwa akiongoza magari bila kuombwa. Mara moja Gramu alicheka kupitia puani. Mama Shuka alipiga hesabu akagundua kwamba tangu asubuhi alikuwa amesema maneno mengi kuliko ya mwaka mzima, na yote yalikuwa juu ya barabara.

Saa saba walifika njia panda. Gramu alisimamisha gari mbele ya duka la vitambaa, akashuka, akamtolea begi. Shemeji yake alikuwa na wateja ndani. Alipunga mkono tu.

"Si siku chache," alisema Mama Shuka. Walikuwa wamesimama kila mmoja upande wake wa boneti.

"Najua. Umechukua mpaka mto wako."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Kule nyumbani hata mimi ningeondoka, ila sina dada." Alitoa kitambaa, akakirudisha mfukoni. "Sikukununulia gari ili ukae. Nilinunua kwa sababu sikuweza kukaa bila kufanya kitu."

Hilo nalo halikumchoma. Lilikaa tu mahali fulani, kama kitu kilichowekwa mezani. Akauliza jambo lililokuwa karibu zaidi. "Kutoka hapa ni vilima mpaka nyumbani. Nani atakuangalia?"

"Nitakaa nyuma ya malori."

"Njia nzima?"

"Sina haraka."

Akaingia garini. Wakati huo huo lile lori la mchanga walilolipita asubuhi lilikuja likiunguruma, likapita njia panda na kushika barabara ya vilima. Gramu aliwasha taa ya ishara, akangoja mpaka barabara ikawa tupu, akaingia nyuma yake. Mama Shuka aliiona karatasi ya manjano ikipanda kilima cha kwanza kwa mwendo wa mtu anayetembea. Magari matatu yalilipita gari la kijivu, kisha mengine mawili. Lenyewe halikutoka.

Safari hiyo kwa kawaida ilichukua saa mbili. Saa tisa ilipofika alitoka kwenye kizingiti cha duka, akasimama.

"Kaa ule," alisema dada.

"Nitakula."

Saa kumi ikapita. Dada alipima vitambaa vya wateja, akakata, akafunga. Mwishowe aliweka mkasi chini. "We, unangoja nini hapo nje? Barabara imekulia nini?"

"Hajapiga simu."

"Si umemwacha? Mtu aliyeachwa hapigi simu, anapika ugali wake akalala."

"Dada, niache."

Dada alimwangalia vizuri, kisha akamletea kigoda. Mama Shuka hakukikalia. Kila honi iliyosikika kutoka upande wa vilima ilimpitia mwilini. Haikuwa hali nzuri. Alikuwa ameisahau kabisa, ikamchukua muda kuitambua kwamba ni hofu.

Simu iliita saa kumi na moja na robo.

"Nimefika," alisema Gramu.

"Ulikuwa nyuma ya lori?"

"Lile lile la mchanga. Dereva wake alisimama mara mbili, mara ya pili akanijia dirishani kuniuliza kama nimetumwa kumpeleleza. Nikamwambia sioni mbele. Basi akawa ananiwashia taa njia ikiwa nyeupe."

"Ukapita?"

"Hapana. Simjui."

Mama Shuka aliketi juu ya kigoda. Alibaki ameishika simu sikioni, na kule upande wa pili Gramu naye hakukata. Alisikika akifunga mlango wa gari, akiujaribu, akiufunga tena.

"Jumamosi nilikuwa nataka kukuletea zile nguo zako zilizobaki," alisema mumewe. "Nitaondoka mapema, nikipata lori la kufuata."

"Usije na gari," alisema. "Usilitoe hapo. Nitapanda basi."

"Kuja kuzichukua?"

Alifikiri, kwa kuwa hakutaka tena kusema tu.

"Kuja," alisema.