Chupa ya Kugonga Kiwikoni

Mama yangu anauza juisi ya ukwaju kwa kikombe pale Mtoni, kando ya barabara ya Kilwa, tangu sijaanza shule. Ndoo yake ilikuwa haivuki adhuhuri bila kuisha. Kisha ikaja ile video.

Video yenyewe haikuwa na kichwa wala miguu. Kijana anacheza singeli, mkononi ana chupa ya kinywaji kipya cha rangi ya zambarau. Anaigonga kiwikoni mara mbili, anasema "Twende!", anafungua, anakunywa. Basi! Wiki haijaisha, Mtoni nzima inagonga viwiko: bodaboda, wanafunzi, mpaka bibi mmoja jirani yetu. Nilipomkuta anagonga, nilisahau hata kumpa shikamoo.

Ndoo ya Mama ikawa inashinda imejaa. Jioni tulimwaga ukwaju, nami hasira zilinipanda kweli kweli. Siku moja nikamvamia fundi cherehani, mteja wetu wa miaka yote, kashika chupa ya zambarau.

"Braza, hebu niambie, hiyo tamu kuliko ya Mama?"

"Wala! Sukari tupu. Ila sista, siku hizi mie nisipogonga, naona kama sijanywa kitu."

Mtu anajua kabisa kwamba si tamu, na kesho anarudi kununua! Nilistaajabu, na kusema kweli niliogopa kidogo. Ni nguvu gani hiyo, ya kumshinda mtu ulimi wake mwenyewe?

Nilimsimulia Mama nikitegemea atasonya. Akafikiri kidogo, akauliza, "Sasa kikombe changu akikigonga, si kitamwagika?"

Kesho yake alinunua chupa tupu zenye vifuniko, akazijaza ukwaju uleule, akazilaza kwenye barafu. Fundi akaja, akachukua moja, akaigeuzageuza. Halafu kiwiko kikapanda. Akagonga mara mbili. "Twende!" Waliokuwa wanapita wakacheka, wakasogea, nao wakagonga. Mama alikuwa anapokea hela tu.

Adhuhuri ilibaki chupa moja. Niliichukua mimi, huku nikimwambia Mama kwamba watu wa Mtoni wamerogwa. Kabla sijafungua kifuniko, nikaona mkono wangu umeshaipeleka chupa kiwikoni.

Mama akanitazama, akashika kiuno.

"Hata wewe, mwanangu? Wewe niliyekulea kwa kikombe?"