Madumu ya Mwezi wa Nane

Mume wangu haviamini vituo vya mafuta. Tumeishi Brussels miaka mingi na sijawahi kuona hata kituo kimoja kimeishiwa, lakini yeye bado anaweka akiba ya dizeli nyumbani, kama vile kesho mji utakauka. Madumu yake yalikaa kwenye stoo ya chini ya jengo letu, nyuma ya sanduku la vyombo vyetu vya harusi. Nilimwambia mara nyingi kwamba majirani watatushtaki. Jibu lake ni lile lile.

"Maman, mafuta inaishaka."

Najua inaisha. Binti yetu alizaliwa Lubumbashi wakati mji mzima hauna mafuta. Uchungu uliponishika, gari letu lilikuwa uani, tangi tupu. Mume wangu alichukua dumu akaondoka kwa miguu kutafuta, na mimi nikajifungulia kwa jirani, juu ya mkeka, mikononi mwa mama aliyeacha bukari yake, ugali wetu, jikoni akiwa bado na unga mpaka kwenye viwiko. Mchana mume wangu alirudi na dumu tupu. Mtoto alikuwa ameshaoshwa na amelala. Alisimama mlangoni akasema, "Mafuta haiko," kama mtu ambaye bado anangojwa. Hakumbeba mtoto mpaka jioni. Aliona haya, na nadhani haya ile haijamtoka hadi leo.

Sasa mtoto yule yule alikuwa mjamzito, mbali kule kusini mwa Ujerumani, kwenye mji mdogo wa milimani. Mumewe ni dereva wa malori na huwa nyumbani mwisho wa juma tu. Ilikuwa mimba yake ya kwanza, na siku moja aliniambia kwenye simu bila kuficha, "Mama, niko na woga. Mukuje mbele ya mutoto kuzaliwa. Nisibakie peke."

Nyumba yao ni chumba kimoja, kwa hiyo tuliamua kwenda na gari letu la safari na kulala humo. Ni gari kuukuu la dizeli lenye kitanda, jiko na sinki ndani, na mume wangu analipenda kuliko baadhi ya ndugu zangu. Tulianza kuliandaa mapema. Alinunua betri mpya na matairi ya theluji, akatia kwenye rejeta dawa ya kuzuia maji yasigande. Alimwaga maji yote ya sinki ili mabomba yasipasuke kwa barafu. Mimi nilishona mapazia mazito kwa mablanketi ya zamani, nikajidunga sindano na kulaani majira ya baridi yote ya Ulaya. Mwisho akayapandisha madumu yake, dizeli aliyoinunua mwezi wa nane, akajaza tangi mpaka juu.

"Sasa tunaweza kutoka hapa mpaka kwa mutoto bila kuomba muntu," alisema. Alikuwa na furaha kama bwana harusi.

Baridi kali ilikuja ghafla. Jumamosi asubuhi nilitoka kwenye baraza yetu ya juu kuchukua chupa ya mawese, nipike sombe, majani ya muhogo. Kila Mkongo wa hapa anajua mawese wakati huu yanavyofanya: yanaganda, unaiweka chupa kwenye maji ya moto na kungoja. Siku hiyo yalikuwa magumu kama sabuni. Niliigeuza chupa juu chini, hakikutoka kitu. Nikiwa bado nimeishika nikaliona gari letu barabarani, limefunikwa na barafu nyeupe, tangi limejaa. Nikarudi ndani mbio.

"Papa, ile mazout uliweka mu gari, ikipata baridi ya vile inafanyaka nini?"

"Mazout haiko mawese, maman."

"Mafuta ni mafuta."

"Ile ni ya chakula, hii ni ya moteur. Baridi naijua. Kolwezi, mwezi wa saba, tulikuwa tunavaa makoti!"

Kolwezi! Nilimwambia kule kwetu Kolwezi mtu huvaa koti asubuhi na saa nne ameshalivua, na kwamba kama anataka kumwacha binti yangu ajifungue peke yake kwa sababu ya ubishi, aseme mapema ninunue tiketi ya treni. Nina mdomo, sikatai. Kisha nikachukua chupa tupu ya jamu, nikamimina humo dizeli iliyobaki kwenye dumu, nikaiweka barazani kando ya mawese.

"Kesho tutaona," nikasema.

Kesho yake aliamka kabla yangu. Nilimkuta barazani, amevaa joho langu la kuogea, ameinua ile chupa kwenye mwanga. Dizeli ilikuwa imechafuka kama maji yaliyooshewa mchele. Aliinamisha chupa, nayo ikasogea polepole, na chini kulikuwa na utando mweupe kama nta.

"Tungesimama mu njia," alisema. "Na mutoto anatungoja."

Nilikuwa nimeandaa maneno makali, tena mengi. Nilimtazama usoni nikayameza yote, nikaenda kumchemshia chai.

Fundi wake wa Molenbeek alimweleza kwenye simu kwamba dizeli ya majira ya joto si ile ya baridi. Vituo huibadilisha baridi inapokaribia, na ile ya mwezi wa nane ikiganda huziba chujio na gari linazimika. Amalize tangi hilo hapa mjini, hali ya hewa ikilegea, abadilishe chujio, ndipo ajaze mpya.

"Bon," akasema mume wangu, "tuimalize."

Mvua ikarudi, barafu ikayeyuka, na juma lile hakuna mwanakwaya wa kanisa letu aliyepanda metro. Baada ya mazoezi mume wangu alisimamisha gari Porte de Namur na kumpeleka kila mtu nyumbani, anayetaka na asiyetaka. Mimi alinipeleka kazini Woluwe, akanirudisha, akazunguka tena bila sababu. Maman mmoja alipelekwa nyumbani kutoka dukani ingawa mlango wake unaonekana ukiwa bado dukani. Alinivuta pembeni akaninong'oneza, "Maman, papa anatafuta kura?"

Tangi lilipokauka fundi akabadilisha chujio, tukajaza dizeli ya baridi. Madumu yaliyobaki yalirudi stoo kungojea joto. Angalau ndivyo nilivyoambiwa. Tulipokuwa tunapakia unga, samaki wakavu na sufuria yangu kubwa, nilikuta dumu moja chini ya kitanda cha gari, limejaa, na juu yake ameandika kwa kalamu nene: HIVER, majira ya baridi. Nilimwangalia. Alijifanya anakagua tairi. Nikaliacha palepale, nikaegemeza mfuko wa unga juu yake.

Tulifika salama. Huko theluji ilifika magotini, na asubuhi midomo ilipasuka kwa baridi. Tulilala garini siku chache tu, kisha alfajiri moja binti yetu akapiga simu kwamba uchungu umeanza. Mumewe alikuwa safarini. Binti alikuwa amepigia teksi, wakamwambia angoje barabara isafishwe. Nilipanda ngazi mbio, nikamkuta ameshika ukingo wa meza, analia.

"Mama, tutafika?"

Nilikuwa namvisha koti huku nasikiliza chini. Injini ilikohoa mara moja, ikanyamaza. Kisha ikawaka na kunguruma sawasawa. Miguu ikapanda ngazi. Mume wangu akasimama mlangoni, theluji mabegani, hakunitazama mimi. Alimtazama binti yake.

"Twende, mutoto wangu," akasema. "Mafuta iko."