Seng'enge kwenye Njia ya Makaburini

Siku ninayotaka kukuhadithia, mwanangu, siikumbuki kwa hiari yangu. Hunijia yenyewe, aghlabu nikiwa nimekaa na watu nacheka, mara nanyamaza, wananiuliza mzee umepatwa na nini. Husema tumbo. Si tumbo, ni aibu. Jana ulipoingia na furaha yako, ukatwambia umepata shamba la kukodi kule Matemwe ufuge ng'ombe wa maziwa, mama yako alipiga kigelegele, na mimi nikainuka nikaenda kukaa barazani peke yangu. Najua ulidhani sikupendezewa. Nimependezewa, wallahi. Ila hujawahi kusikia kwamba baba yako naye alikodi shamba akafuga, na hukusikia kwa sababu niliwakataza watu wasikwambie. Leo nakwambia mwenyewe. Kaa vizuri, na hiyo simu iweke kando.

Mimi ni mtoto wa Mkunazini. Nimekulia kwenye vichochoro, ng'ombe nikimwona Idi Kubwa, naye keshachinjwa. Ujanani niliajiriwa Darajani kwenye duka la vifaa vya ujenzi, nikiuza misumari, mabati na seng'enge. Sijui nani alinitia kichwani kwamba maziwa yana faida kuliko misumari. Basi nikatafuta shamba. Bwana mmoja wa hapa mjini alikuwa na shamba la urithi Kinyasini, minazi michache iliyozeeka, majani tele, na mwenyewe hana muda nalo. Tukakubaliana anikodishe kwa malisho, tukaandikiana mbele ya mashahidi, nikatoka pale kichwa kimevimba kama nimenunua Unguja nzima.

Kule mashamba, ng'ombe hawafungiwi ua. Hufungwa kamba kwenye kigingi, asubuhi hapa, mchana akahamishiwa pale. Na mpita njia akimkuta kajizonga na kamba yake, humzongoa akaenda zake, hata kama mwenye ng'ombe hamjui. Ndiyo ada yao. Mimi nikauona huo ni ushamba. Mtu anauza seng'enge, leo afunge ng'ombe kwa kamba? Nikalizungushia shamba lote, mistari kwa mistari, juu mpaka kifuani. Mbele, upande wa kijiji, nikatia geti na kufuli. Nyuma nikaacha seng'enge tupu, hakuna pa kuingilia wala pa kutokea.

Sasa katikati ya shamba lile ilipita njia. Njia nyembamba ya miguu, imetoka kijijini ikakata majani mpaka nyuma kabisa, kwenye makaburi yao. Bwana aliyenikodisha hakunitajia, na mimi sikuuliza. Lakini sitakuongopea nikasema sikuiona. Niliiona. Nilijua kabisa kwamba ile njia imefanywa na miguu ya watu, na kwamba watu hao wapo na wana pa kwenda. Nikaizungushia hivyo hivyo.

Jirani yangu alikuwa Mzee Makame, mtu wa umri wa babu yako, mwembamba, maneno yake machache. Shambani kwangu hakukuwa na maji, na hilo nalo sikulifikiria mpaka ng'ombe washafika. Usicheke. Kisima kilikuwa kwake. Nikamwendea naona haya, nikampa shikamoo, nikaanza kuzunguka maneno. Hakuningoja nimalize.

"Maji ni ya Mungu, mwanangu," akaniambia. "Weye wakame asubuhi, urudi mjini na maziwa yako. Jioni mie n'tawanywesha."

Nikataka kumlipa, akakataa. Ikawa kila jioni, mimi niko mjini nimekaa na vijana wenzangu, yule mzee anateka ndoo kwa ndoo, anawapelekea maji wanyama wangu.

Siku niliyotia kufuli alikuja, tukaamkiana, akaipapasa seng'enge kama mtu anayekagua kitambaa dukani. "Umefanya kazi nzuri," akasema. "Lakini njia hii, mwanangu, ndiyo ya makaburini. Masika bonde lote lile linajaa maji, hatuna pengine pa kupitia."

Nikamjibu, na mpaka leo nausikia ulimi wangu unavyosema: "Mzee, mie nimekodi shamba zima. Sikukodi nusu nikaacha nusu."

Hakukasirika. "Sikwambii usifunge. Funga, ng'ombe ni mali. Ila ufunguo mmoja uwache kwangu."

Nikasema naam. Kisha nikautia mfukoni nikaondoka nao. Kufuli lilikuja na funguo mbili, na zote mbili nilikuwa nazo mimi. Nilijiambia wataacha geti wazi. Nilijiambia kuna wezi. Maneno hayo nilijidanganyia mwenyewe, maana ukweli ni kwamba nilitaka wajue nani mwenye shamba. Na yule mzee, tangu siku ile, akawa anamimina maji kwa juu ya seng'enge, ndoo kainyanyua kifuani na mikono inamtetemeka, na mimi hori la ng'ombe nilimsogezea karibu na ua nikadhani nimemfanyia hisani. Mtu ndiye anayewaweka hai ng'ombe wangu, na mimi simwamini na ufunguo! Nikifika hapa kwenye kisa hiki hutamani ardhi ipasuke niingie.

Akanikumbusha ufunguo kwa upole, nikasema nimeusahau nyumbani. Akanikumbusha tena, nikasema kesho. Simu za mkononi zilikuwa ndio kwanza zimeenea, wanawe wakamnunulia moja, na namba yangu aliiomba mwenyewe ili ng'ombe wakipatwa na jambo aniarifu. Mimi nikiona jina lake linatokea, naiacha ilie mpaka ichoke.

Siku yenyewe ilikuwa ya masika. Asubuhi nilikama ng'ombe, nikarudi mjini, maziwa yakauzika mapema, nikawa nimekaa Darajani na wenzangu tunakunywa kahawa. Simu ikalia. Nikatazama, Mzee Makame. Nikairudisha mfukoni. Ikalia tena.

"Mbona hupokei, yakhe?" mwenzangu akauliza.

"Kizee cha shamba hicho," nikasema. "Kinataka ufunguo."

Tukacheka. Ilipolia mara nyingine nikaizima.

Kumbe Mzee Makame alifariki asubuhi ile ile, muda mfupi tu baada ya mimi kuondoka na maziwa yangu. Aliyekuwa akipiga ni mwanawe, Pandu, kwa simu ya baba yake, kwa sababu ndimo ilimokuwa namba yangu. Na kweli alikuwa anataka ufunguo.

Nilirudi shamba alasiri, nilikuwa na ndama mgonjwa. Nateremka barabarani nawaona watu wengi, kanzu na kofia, upande wa shamba langu. Kwanza, Mungu anisamehe, nilihamaki. Nikasema leo wamevamia. Nikaenda mbio na ufunguo mkononi, na maneno ya kuwatolea nishayapanga. Nilipofika getini kufuli lilikuwa palepale limefungwa, na watu karibu wote wamo ndani. Walikuwa wameruka seng'enge mmoja mmoja, wazee kwa vijana, kisha wakalipokezana jeneza kwa juu. Vipande vya kanzu vilikuwa vimenasa kwenye miiba. Nikamuuliza mzee mmoja aliyeshindwa kuruka, kasimama nje anaomba dua: nani aliyefariki? Akanitazama kama haamini kwamba nauliza.

"Makame," akasema.

Nikafungua geti. Sijui nilifungua la nini, hakuna aliyekuwa na haja nalo tena. Nikawakimbilia, nao wameshafika nyuma, kwenye seng'enge tupu. Nikapiga kelele: "Subirini! Subirini niikate!" Nitaikata na nini? Sina hata koleo, mimi muuzaji wa koleo. Imamu wa kijiji, mtu mpole sana, akageuka akaniambia kwa sauti ya chini, "Maiti hasubirishwi, bwana." Wakanyanyua. Vijana wanne washaruka ng'ambo wamenyoosha mikono juu, wengine huku wanasukuma, wanasema polepole, polepole, mshikeni. Jeneza likayumba, na mimi nikaingiza bega chini yake, na nadhani ndiyo mara ya kwanza nilimsaidia mzee yule kitu chochote.

Hakuna aliyenitukana, mwanangu. Ningetukanwa ningepata nafuu. Walinipisha nafasi kaburini kama mtu yeyote, nikatia mchanga kama wenzangu. Kaburi lilipofukiwa na talkini kusomwa, imamu akasimama akasema yale yanayosemwa siku zote: kama yupo anayemdai marehemu, awaone wanawe, deni watalibeba wao. Hakuna aliyejitokeza. Nikakaa pale nimeinamisha kichwa. Wanauliza nani anamdai marehemu, lakini hakuna anayeuliza marehemu anamdai nani. Nilijua ni mimi, na nilikosa hata ujasiri wa kutamka.

Wakati wa kurudi, ng'ombe wakaanza kulia. Ilikuwa saa yao ya maji. Nikamwona Pandu, katoka kumzika baba yake sasa hivi, kanzu imechanika ubavuni, anapita kisimani kwao anachukua ndoo. Nikamkimbilia nikamshika mkono, nikamwambia wacha, ndugu yangu, tafadhali wacha. Akasema, "Wana kiu. Wao wamefanya nini?" Akateka. Akamimina kwa juu ya seng'enge, kwa mazoea, na geti li wazi.

Usiku ule ule sikulala, na kesho yake sikwenda dukani. Nilikwenda nikaikata seng'enge nyuma na mbele, upana wa watu sita wakipita na jeneza. Ndipo Pandu aliponieleza kwamba jana vijana walikuja na mapanga na koleo waikate, na aliyewazuia ni mama yake, Bi Mize. Aliwatumia neno kutoka ndani: "Mume wangu hana deni la mtu. Msimtie deni leo mkaharibu mali ya watu kwa ajili yake." Basi wakaruka. Kwa hiyo zile kanzu zilichanika ili mimi nisije nikamdai maiti. Mimi!

Nikamwomba Pandu nionane na mama yake. Bi Mize alikuwa keshakaa eda, haonani na wanaume wa kando, basi nikakalishwa ukumbini, Pandu akasimama mlangoni, yeye akanisikiliza kutoka ndani. Nikasema yote. Nikasema la ufunguo, nikasema la simu, mpaka lile neno "kizee" nikalisema, maana nilihisi nikilificha sitakuwa nimeomba kitu. Nilikuwa nalia kama mtoto. Nikasema, Bi Mize, naomba radhi.

Naye akasema kutoka ndani:

"Nimesikia. Langu mie nimekusamehe, na wanangu n'tawambia wakusamehe. La kwake sina uwezo nalo. Ungemwomba mwenyewe angekusamehe siku ile ile. Nnamjua."

Basi. Nikaaga nikatoka.

Niliendelea kufuga kidogo, lakini kila jioni Pandu akiwapa maji ng'ombe wangu nashindwa kumtazama usoni, na kila nikimkataza anasema baba aliahidi. Nikauza ng'ombe, nikalirudisha shamba, nikabaki na misumari yangu. Mama yako alidhani ufugaji ulinishinda. Nilimwacha adhani hivyo.

Sasa nisikilize. Unakwenda Matemwe, na karatasi yako itakuwa sahihi, itakuwa na saini na mashahidi, sina wasiwasi na hilo. Karatasi inakupa majani. Maji na vingine vyote utavipata kwa watu wa pale, na wao hawakutia saini yoyote. Kabla ya kupeleka hata ndama mmoja, nenda ukakae nao. Waambie wakutembeze mpaka kwa mpaka, na waulize kwa kinywa chako: nani anapita hapa, nani anachota maji hapa, nani analima muhogo wake hapa, nani kazikwa hapa. Ukioneshwa njia, iwache. Ukitaka ua, weka ua, lakini wao wawe na pa kupitia bila kukuomba. Mzee wa pale akikuita "mwanangu", usidhani ni mazoea ya mdomo tu. Mjibu kama mwana. Na akikupigia simu, pokea, hata kama unajua anachotaka. Hasa kama unajua anachotaka.

Na ukikosea, maana utakosea, usilale nalo. Nenda umwombe radhi mtu angali anakula na kutembea, hata kama ni saa ya aibu, hata kama kuna watu wanakutazama. Aibu ya mbele ya watu inakwisha jioni. Hii yangu nimekaa nayo mpaka mvi zimenijaa kichwa, na sina wa kumpelekea.

Mwenyezi Mungu akujaalie mifugo yenye afya na maziwa yenye baraka, akupe majirani wanaofurahi wakikuona unakuja kwa mbali, akuepushe na kiburi kilichonipata mimi nikiwa na umri wako. Haya, nenda kamwambie mama yako atutilie chai. Radhi zangu unazo, mwanangu, na nakupa mwenyewe, ningali hai.