Kutu ya Pikipiki ya Mwinjilisti

Lushoto, kutu haina haja ya kutengenezwa. Ukungu huileta wenyewe, ikaingia kwenye mabati na bawaba bila kualikwa. Zabron, fundi wa mabango pale karibu na soko, ndiye mtu pekee mjini aliyekuwa akiitafuta. Aliikwangua kwenye bati kuukuu, akaichekecha kwa soksi, akaihifadhi katika chupa ya dawa ya kikohozi.

Kazi iliyomlisha ilikuwa kuandika "Mayai ya Kienyeji Yapo" kwa rangi zinazong'aa. Aliyoipenda ilikuwa kuunda pikipiki za urefu wa kiganja kwa mbao, waya na makopo, kisha kuzizeesha. Mkewe, Paskalina, alisema wanaopaka rangi kitu kizee kiwe kipya amewaona wengi. Wa kinyume chake ni mmoja tu, na ndiye aliyemuoa.

Siku moja Klara, binti wa marehemu mwinjilisti Sefania, alimpigia simu kutoka Dodoma. Nyumbani kwao Lushoto kungekuwa na ibada ya kumbukumbu, miaka mitano tangu baba yake afariki, naye alitaka mfano wa pikipiki ya baba uwekwe mezani mbele ya usharika mzima. Usharika mzima! Hatimaye watu wangejua kwamba Zabron si fundi wa mayai tu.

Akaenda kuitazama pikipiki yenyewe. Mjane, mama Beatha, alikuwa shambani. Pikipiki ilikuwa nyuma ya nyumba, imeegemea mparachichi, kuku wamelala juu yake. Zabron akaipiga picha arobaini.

Kazi ilichukua wiki tatu. Alipaka tangi rangi ya fedha, akalilowanisha, akanyunyiza chumvi ya mawe, kisha akapaka nyekundu juu yake. Ilipokauka akaisugua chumvi kwa mswaki, na rangi ikabanduka vipande vipande kama ya kule mparachichini. Kwenye vidonda vile akagusa kutu ya chupa. Chini ya kila skrubu akavuta mchirizi mwembamba wa kahawia, ule unaoachwa na mvua.

Siku mbili kabla ya ibada akaupeleka mfano kwa mjane.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, fundi. Karibu."

Mama Beatha alivaa miwani, akaugeuzageuza mfano. Zabron akajiandaa kupokea machozi ya furaha.

"Hii nyeupe kwenye kiti ni nini?"

"Mavi ya kuku, mama," alijibu kwa fahari. "Ukiangalia vizuri, yana hata kijani kidogo."

"Naona." Akauweka chini polepole. "Mume wangu aliiosha pikipiki kila Jumamosi, miaka kumi na minane. Jumapili ungeweza kujitazama kwenye tangi lake ukachana nywele. Hii kutu si yake, fundi. Ni yangu mimi, niliyeshindwa hata kuigusa. Sasa usharika wote uje kuiona mezani?"

"Lakini inafanana, mama."

"Inafanana mno. Iondoe hiyo kutu."

Mchana mmoja ulitosha. Zabron alizika wiki tatu chini ya rangi nyekundu iliyobaki alipoandika bango la duka la dawa, akaipiga vanishi.

Siku ya ibada mchungaji aliunyanyua mfano, akasema unang'aa utadhani umetoka dukani. Watu wakapiga makofi. Wanne wakaomba namba ya fundi, kila mmoja akisisitiza pikipiki yake ing'ae zaidi. Zabron alishukuru kama mtu anayepewa pole.

Mama Beatha akaja kumpa mkono. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka, na chini ya kucha palikuwa na wekundu wa kahawia ambao sabuni haikuuweza. Zabron akachungulia nyuma ya nyumba: mparachichi ulisimama peke yake, na pikipiki ilikuwa kwenye baraza la nyuma, imesuguliwa mpaka chuma kimebaki uchi.

Alitaka kusema neno la maana. Lakini macho yake yalirudi kwenye zile kucha, na kilichomjia, kwa aibu, ni kwamba kutu yake ya chupa ilikuwa imezidi wekundu kidogo.