Kiganja cha Limi

Mwanaima binti Hatibu hakuwa mtu wa kutulia. Hata chai aliinywa amesimama mlangoni mwa zahanati ya kijiji alikofanya unesi. Alikulia kwenye duka la vitambaa la baba yake, Shinyanga mjini, ambako doti na dhiraa zilipimwa kwa mkono, toka kiwiko hadi ncha za vidole, na mzee alikuwa na neno moja: mkono wa kupimia ni wa muuzaji, si wa mteja. Neno hilo lilimwingia damuni, na ndilo lililomponza.

Mwaka 1981, dizeli ikitafutwa kwa tochi, Mama Limi aliingia mbio kutoka machimbo ya jirani na Nyarugusu. Mwanawe wa miaka miwili alikuwa amemwagikiwa na uji wa moto. Mwanaima alimpoza kwa maji, kisha akapima. Kozini walifundishwa kwamba kiganja na vidole vyake ni sehemu moja katika mia ya mwili, na mtoto aliyeungua zaidi ya sehemu kumi ni wa hospitali, hakuna ubishi. Akapitisha kiganja chake juu ya kifua, tumbo na paja, bila kugusa. Sita.

"Padogo, Mama Limi. Tutamtibu hapa hapa."

Stanslaus, dereva wa lori la pamba, gari pekee la kwenda Geita wiki ile, akapiga honi nje. Mwanaima akampungia aende zake.

Lakini roho haikutulia. Alifunga bandeji, akafungua, akachungulia tena. Limi, kilio kikianza kufifia, akamshika kidole. Mwanaima akautazama mkono ule, vidole na vyote: haukufika nusu ya kiganja chake. Mwalimu alisema kiganja cha mgonjwa! Akapima upya kwa mkono wa mtoto. Kumi na nne.

Alivua viatu, akatimua mbio hadi ghala la pamba, ambako Stanslaus alikuwa akikaza kamba za mzigo.

"Kaka, ngoja! Nakuomba, rudi!"

Lori liliporudi, Mama Limi alisimama kizingitini na mtoto wake.

"Nesi, si ulisema padogo?"

Uongo ulimjia mdomoni, mwepesi kabisa: hali imebadilika. Akaumeza.

"Nilimpima kwa mkono wangu, mama. Nimekosea. Naona aibu mbele yako."

Mama Limi akampakata mwanawe, akapanda lorini. Safari nzima Mwanaima alimnywesha mtoto maji ya chumvi na sukari, kijiko kwa kijiko, akiogopa kila pumzi.

Limi alipona, akabaki na makovu yake. Miaka yote iliyofuata, hata akiugua homa tu, mama yake hakusalimia kwanza. Aliunyoosha mkono wa mwanawe.

"Anza na huu, nesi."