Ibada ya Saa Moja

Ilianza Jumapili ya kwanza ya mwezi wa saba, saa nne na robo asubuhi, katikati ya matangazo. Saa naikumbuka kwa sababu nilikuwa naikodolea macho ile ya ukutani, juu ya kwaya, nikiomba matangazo yaishe niende chooni. Katibu alikuwa ameshasoma harusi na zamu za usafi. Mara mchungaji akakichukua kipaza sauti mkononi mwa katibu, kitu ambacho huwa hafanyi. Akasema kanisa limekua, watu wanakaa nje chini ya turubai mpaka karibu na njia ya bajaji, kwa hiyo kuanzia Jumapili ijayo tutakuwa na ibada ya tatu. Itaanza saa moja asubuhi, itakuwa ya wazee wetu, na mahubiri yatatafsiriwa kwa Kisukuma.

Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga.

"Na mkalimani wetu," akasema, "ni binti yetu yule pale, aliyekaa na bibi yake. Simama mwanangu, wakuone."

Sikusimama. Viganja vyangu vilibaki vimeachana hewani kama vya mtu anayepima samaki. Kanisa zima likageuka. Mama yangu, aliyekuwa kwenye kwaya, akapiga kigelegele bila hata kuniangalia usoni ajue kama nina habari. Sikuwa na habari. Hakuna aliyeniuliza. Nilihisi masikio yanawaka, na ule mkojo niliokuwa nimeubana ukakaribia kuniaibisha.

Watu wanaonijua wangejua kwa nini. Nipo kidato cha tatu, na darasani nikiulizwa swali ninaloliweza, jibu linapanda mpaka kooni linakaa hapo hapo. Nikitumwa dukani nasubiri wateja wote waondoke ndipo niseme ninachotaka. Mtu ninayeongea naye bila shida ni mmoja tu, na ni Bibi.

Bibi ni mama yake baba. Alihamia kwetu hapa Shinyanga mjini akitokea kijijini Didia baada ya Babu kufariki. Kiswahili chake ni cha salamu na cha kununua nyanya. Huniita mke mwenzangu, kwa sababu Babu alikuwa akinitania kuwa mimi ndiye mke wake mdogo. Kanisani tulikuwa tunakaa nyuma, namnong'oneza mahubiri sikioni kwa Kisukuma. Taratibu wamama wazee wakaanza kuhamia kwenye benchi letu. Wa mbele wakawa wanageuza shingo, wa nyuma wanainama. Ikafika siku mzee mmoja wa kanisa akatufuata akiwa amekunja uso: "Binti, mnaleta kelele. Hapa ni ibada, si kijiweni."

Nikaacha. Jumapili iliyofuata Bibi alikaa ibada nzima kama mtu anayesubiri gari stendi. Iliyofuata hakuja kabisa. Tuliporudi nyumbani tulimkuta kitandani anapanga nguo zake kwenye mfuko wa salfeti.

"Narudi Didia," akasema. "Kule hata nikikaa peke yangu, kuku wananielewa."

Baba akacheka. Mimi sikucheka, maana nilimwona alivyokaza kamba ya ule mfuko. Nyumba ya Didia haina mtu. Mguu wake mmoja umevimba, na kisima kiko mbali. Nilikuwa namwona ameanguka kule njiani na ndoo, na hakuna anayepita.

Kwa hiyo siku ya tangazo, alipokubali kuja tena kanisani, nilishangaa lakini nikanyamaza, nisije nikaharibu. Tulipotoka nje nikamvuta pembeni, nyuma ya bajaji iliyokuwa imeegeshwa.

"Bibi, nani amenitaja kwa mchungaji?"

"Mimi."

"Wewe? Kwa lugha gani?"

Mchungaji wetu ni mtu wa Mbeya. Kisukuma chake kinaishia kwenye wabeja, yaani asante. Bibi akanieleza bila haya. Siku moja nikiwa shule alimbeba kuku kwapani, akaenda mpaka kwa mchungaji, akamkuta yule yule mzee wa kanisa aliyetunyamazisha. Ndiye aliyewatafsiria.

"Nikasema wazee wengi hatusikii kitu humu, tupewe ibada yetu. Mchungaji akafurahi. Yule mzee akasema basi atatafsiri yeye. Nikamwambia, mwambie mchungaji huyu simtaki. Huyu akitafsiri utadhani yuko mnadani anauza ng'ombe. Namtaka yule anayeninong'oneza."

"Na hayo nayo akayatafsiri?"

"Yote. Mtu mwaminifu sana yule."

Nilitaka kucheka na kulia. Nikamwambia siwezi, nitazimia mbele za watu. Bibi akanishika kidevu.

"Mke mwenzangu, mfuko wangu bado umefungwa. Ukitafsiri, naufungua. Usipotafsiri, magari ya Didia yapo kila siku."

Wiki ile sikula vizuri. Nilimfuata baba nikamwambia amweleze mchungaji atafute mtu mwingine. Baba ananunua pamba vijijini, anashinda akipiga kelele na watu, haelewi aibu ni kitu gani.

"Si unaongea Kisukuma humu ndani kutwa nzima?"

"Humu ndani hamna kipaza sauti, baba."

"Basi jifanye hakipo," akasema, akaendelea kula.

Jumapili tulifika kabla ya saa moja, kukiwa bado na baridi. Nilikuwa nimejipa moyo kwamba watakuja wale wamama wa benchi letu tu, hawatanitisha. Kuingia mlangoni, nikasimama kizingitini. Mabenchi yalikuwa yamejaa wazee wenye makoti na fimbo, na wengine walikuwa bado wanashushwa kwenye bodaboda. Lakini idadi yao haikunishtua kama sura zao. Nilizijua. Hawakuwa watu wapya wa vijijini. Alikuwepo mama anayeuza dagaa mtaani kwetu. Alikuwepo babu mlinzi wa ghala la pamba, ambaye kwenye ibada ya saa tatu hukaa mbele kabisa na ndiye anayesema amina kwa sauti kuliko wote.

Nikamsalimia. "Babu, wewe si huwa unasali ile ya saa tatu?"

Akanijibu kwa Kisukuma, polepole, kama mtu anayemwonyesha mwenzake kidonda. "Naangalia mkono wa mchungaji. Akiunyanyua, nasema amina."

Miaka yote nimeisikia amina ya yule babu nikadhani yeye ndiye anayeelewa kutuzidi sisi sote. Nikatazama yale mabenchi, moja baada ya jingine. Kumbe hawa wote. Kumbe wanaamka, wanaoga, wanavaa viatu vinavyowabana, wanakuja kuangalia mkono.

Nikapelekwa mbele kama ng'ombe wa mahari. Mimbari yetu ni ya mbao, pana, inanifika kifuani. Mchungaji akasimama kulia, mimi kushoto, kila mmoja na kipaza sauti chake. Bibi alikuwa benchi la kwanza, mguu mbovu ameunyoosha. Hakutabasamu. Alikuwa ananitazama kama anayemtazama mtu juu ya ngazi.

Mchungaji akaanza. "Wazee wangu, shikamooni!"

Nami nikatakiwa kuisema kwa Kisukuma. "Mwangaluka!"

Hapo ndipo yalipotokea. Kwetu msichana hamwamkii mzee akiwa amesimama wima. Nimepiga magoti mbele ya wazee tangu nikiwa sijui hata kuhesabu. Mdomo ulipotoa ile salamu, magoti yakaenda yenyewe. Nikazama nyuma ya mimbari, nikapotea kabisa, ikabaki sauti kwenye spika.

"Kaenda wapi?" mchungaji akauliza, na swali lake likasikika mpaka barabarani.

Lakini wazee walikuwa wameshaitikia, kanisa zima. Na salamu ya Kisukuma haiishii hapo. Wakauliza za nyumbani. Nikajibu, "Mhola duhu," salama tu. Wakauliza za ng'ombe, za mavuno. Mmoja akauliza mimi ni mtoto wa nani, na baba yake baba yangu alikuwa wa wapi. Nikajibu yote nikiwa nimepiga magoti sakafuni, macho yangu yakiona mbao na viatu vya mchungaji, kimoja kamba yake imefunguka.

"Wanasema nini?" mchungaji akaninong'oneza.

"Wanauliza Babu yangu alikuwa wa wapi," nikasema, nikasahau kipaza sauti kiko mdomoni. Wakacheka hadi fimbo zikaanguka.

"Sawa. Sasa simama, tuhubiri."

Nilijaribu. Naapa kweli nilijaribu. Nikanyanyua kichwa, nikaona nyuso zote zile. Nikarudi chini. Mchungaji akanitazama, nami nikatikisa kichwa huku machozi yananilenga. Nikawaza mfuko wa salfeti.

Sauti ya Bibi ikatoka benchi la mbele. "Mwacheni huko huko. Mbona tunamsikia?"

Mchungaji alinitazama ili nimtafsirie hata hilo. Nikamtafsiria. Akavuta pumzi, akafungua Biblia, akahubiri kwa sentensi fupi fupi. Na mimi, kwa kuwa huko chini hakuna aliyeniona wala sikumwona mtu, nilisema kama ninavyosema sikioni kwa Bibi. Mchungaji akafika mahali pake pa siku zote, akanyanyua mkono. Hakuna aliyesema amina. Wote walikuwa wananisubiri. Nikamaliza sentensi yangu kwa Kisukuma, ndipo ikaja ile amina ya babu mlinzi, imechelewa, nzito, mpaka nikashtuka nikagonga kichwa kwenye mimbari.

Baada ya ibada mzee wa kanisa, yule yule, alinisubiri mlangoni. Nikajua nasemwa.

"Binti, Jumapili ijayo jitahidi usimame. Mchungaji anaonekana kama anaongea na mizimu."

"Mwambie," Bibi akaniambia kwa Kisukuma, akiwa amesahau kuwa mzee anakielewa vizuri, "Jumapili ijayo atapiga magoti tena, na ile inayofuata."

Jumatatu niliamka kabla ya wengine, magoti yamevilia damu. Bibi alikuwa bado amelala. Kanga zake zilikuwa zinaning'inia kwenye msumari wake wa zamani, na mfuko wa salfeti ulikuwa mtupu, umekunjwa nyuma ya mlango. Nikauchukua mpaka kwenye banda la baba, nikaujaza pamba iliyobaki sakafuni, nikaushona mdomo kwa sindano ya magunia. Nikaupigia magoti kuujaribu. Halafu nikauweka chini ya kitanda changu, nikavaa sare, nikaenda shule.